Alhamisi za Dunmire: Risala ya Mashabiki wa Makorongo kwa Benchi Jipya la Ufundi

Mgeni rasmi, Kocha Mkuu Raynard Pruitt, makocha wenzako, Mkuu wa Chuo, Dokta Whitcomb, ambaye tumefurahi kumwona kwa sababu hatumwoni mara nyingi, na ninyi wanamji mlioacha mahindi na ng'ombe mkaja kujaza ukumbi huu wa zimamoto:

Mambo yaliharibika Alhamisi ya tarehe 18 Agosti, mwaka 2016, saa kumi na mbili jioni. Utusamehe, Kocha, kwa kuitaja siku hiyo kabla hata ya salamu. Miaka kumi sasa hatujapewa kipaza sauti cha kuitajia.

Jioni ile nyumba ishirini na sita za mji huu zilikuwa zimepika. Meza zimetandikwa, viti vya kuazima vimepangwa, na wachezaji wa Makorongo, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo, hawaonekani. Saa moja Verlin Stoltz, ambaye alifanya kazi miaka thelathini na minne kwenye ghala la nafaka, alitoka barazani kuangalia barabara. Akamwona jirani yake Jolene Vavra, yule anayefua jezi za chuo, naye amesimama nje na mwiko mkononi.

"Wako wamefika?" Verlin akamuuliza.

"Wangu? Mimi nilidhani wote wako kwako."

"Kwangu kuna sufuria na mimi."

Wakaongozana mpaka uwanjani. Wakakuta uzio mzima umefungwa turubai la kijani, lango lina kufuli, na kwenye kufuli pamebandikwa karatasi. Karatasi ilisema kwamba kuanzia siku hiyo wachezaji watakula chakula kilichopangwa na mtaalamu wa lishe, kwamba bima ya chuo hairuhusu wale majumbani kwa watu, kwamba mazoezi hayatazamwi tena, na kwamba chuo kinatushukuru kwa ushirikiano wetu.

"Ushirikiano gani?" Jolene akasema. "Mimi hata sijaulizwa."

Tulikula kile chakula mpaka Jumapili. Mbwa wa Dunmire hawajawahi kunenepa vile.

KUKARIBISHA

Sasa ndiyo tunasema karibu. Karibu, Kocha Pruitt. Karibu, Kocha Efrain Solis wa ulinzi, ambaye tayari tumesikia sauti yako kutoka upande wa pili wa reli, na tumeipenda. Karibu, Kocha Tavion Meeks wa wapokeaji wa pasi. Wewe hukuhitaji kuonyeshwa njia ya kuja hapa. Unatujua na sisi tunakujua, au tulipaswa kukujua. Tutafika huko, na hatutaruka.

Kocha Pruitt, tangu lije lile turubai tumeona makocha wanne kabla yako. Kila mmoja alikuja na picha za kumulika ukutani, na kila mmoja aliondoka kabla hatujajua mkewe anaitwa nani. Wewe ulifika tarehe 9 Julai, na siku ya pili asubuhi ukaonekana kwenye uzio na kisu cha kukatia mazulia, unakata lile turubai mwenyewe, jasho linakutoka. Watu wa ghala walisimamisha kazi kukutazama. Mmoja wetu akapiga kelele, "Kocha, kuna mtu kakutuma?" Ukajibu, "Hapana, na msimwambie mtu." Siku hiyo, Kocha, ulikuwa umeshinda mechi yako ya kwanza hapa, na mpira ulikuwa bado haujatolewa stoo.

Tunajua ulichopewa. Bodi ya chuo ilitangaza mwezi wa Juni kwamba timu ina misimu miwili tu. Viti visipojaa na timu isipoanza kushinda, mpira wa Dunmire unafutwa na uwanja unafanywa maegesho ya magari. Mji huu una watu elfu mbili na mia moja. Magari gani hayo yatakayoegeshwa, Bodi haikusema.

ALHAMISI ZETU ZILIVYOANZA

Mwaka 1958 jiko la chuo liliungua. Wachezaji wakakosa pa kula wiki ya mechi, na mama zetu wakasema waletwe majumbani. Jiko likajengwa upya, lakini mama zetu hawakuacha. Ikawa desturi. Mwezi wa Agosti majina ya wachezaji wapya yanatiwa ndani ya helmeti, na ya makocha pia, kila nyumba inachomoa. Jina ulilochomoa ni lako mpaka kijana amalize masomo. Kila Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya mechi, anakula kwako.

Wakubwa wa chuo walidhani ni habari ya chakula. Kwenye chakula mtu anasema. Nyumba zile ndizo zilizojua nani goti linamuuma na anaficha, nani hesabu zimemshinda, nani baba yake ameacha kupokea simu. Makocha wa zamani walikuwa wanapita majumbani Ijumaa asubuhi kutuuliza sisi. Ndiyo maana Makorongo walikuwa wanashinda timu zenye vijana wakubwa na wenye mbio kuliko wao.

Kwa Verlin, aliyekuwa anapika ni mkewe, Arlys. Alilisha vijana kumi na tisa katika maisha yake. Chakula chake kilikuwa kile kile cha kwetu, maharage ya nyama na pilipili pamoja na mkate wa mdalasini. Kuna mwaka alichomoa kijana wa Texas, mpana kama mlango wa ghala, mwenye adabu sana. Kijana akaitazama sahani.

"Mama Arlys, huu mkate mtamu ni wa baadaye?"

"Ni wa sasa hivi. Chovya."

"Nichovye mkate wa sukari kwenye maharage ya pilipili?"

"Kwani kwenu mnachovya nini?"

"Kwetu tunamcha Mungu, mama."

Alikula mikate saba. Mwaka alioondoka aliomba afungiwe kumi na miwili ya njiani.

Arlys alifariki mwezi wa Machi 2015. Tulidhani Verlin atarudisha majina yake mawili kwenye helmeti, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudisha. Alikuwa hajui hata kuwasha oveni. Wale vijana wawili wakawa wanakuja saa moja kabla na kumfundisha, na yeye anawafokea, na wao wanamcheka. "Mzee Verlin, hiki ni chakula au ni lami ya barabara?" Alhamisi ndiyo siku pekee ya wiki aliyokuwa ananyoa ndevu. Halafu mwaka uliofuata likaja turubai.

MAFANIKIO

Katika misimu kumi tumeshinda mechi kumi na nne. Tunaitaja namba hiyo wenyewe ili asije mtu akadhani tunaificha.

Mafanikio yetu mengine ni kwamba tupo. Mwaka 2021 ilipoanguka theluji ya Novemba tulikuwa arobaini na mmoja jukwaani, na mwamuzi alikuja kutushika mkono mmoja mmoja. Bendi ya chuo imebaki watu tisa, na wawili kati yao wanapiga tarumbeta moja kwa zamu, lakini wimbo haujawahi kukosekana. Viti vya kuazima vya Alhamisi havikuuzwa. Viko chini ya ukumbi huu, vimefunikwa, na kila mwaka Agosti mtu huwa anashuka kuvifuta vumbi. Hatukujua alikuwa anavifutia nini. Mwaka huu tunajua.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni ya wenye madaraka, na hatutatafuna maneno, kwa sababu hatukusoma sana na maneno ya kutafuna hatunayo. Dokta Whitcomb, chuo kilitufungia lango kwa karatasi. Tukaandika barua, tukajibiwa na ofisi ya mahusiano kwamba maoni yetu yamepokelewa. Yamepokelewa, yakawekwa wapi? Mkaleta mtaalamu wa lishe, vijana wakawa wanakula kuku mweupe kwenye vikopo, kila mtu na simu yake. Timu ikishindwa mnafukuza kocha. Kocha akifukuzwa mnasema mashabiki hawana moyo. Sisi ndio wenye moyo! Ninyi mna ofisi.

Changamoto ya pili ni yetu wenyewe. Kamati yetu ya risala ilibishana siku mbili kama isomwe mbele ya wageni. Verlin ndiye aliyesema isomwe, na isomwe na jina lake.

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019 tulikuwa hapa nyumbani, robo ya nne, nyuma kwa pointi nne, imebaki chini ya dakika moja. Jezi namba kumi na saba alikimbia akawaacha mabeki wote, akawa peke yake kabisa mwisho wa uwanja. Mpira ulimfuata vizuri. Ukamgonga viganjani, ukaanguka. Ulikuwa wa nne kumponyoka siku hiyo. Mechi ikaisha.

Tulizomea. Jukwaa zima. Na Verlin, aliyekuwa mstari wa tatu, ambaye sauti yake imezoea kushindana na mashine za ghala, akasimama akapiga kelele:

"Kumi na saba! Rudi kwa mama yako!"

Watu wakacheka. Tunaandika kwamba tulicheka, kwa sababu ni kweli. Wengine wakalidaka neno lile wakaanza kulirudia.

Jukwaa letu liko karibu na uwanja, kila kitu kinasikika. Yule kijana alisimama. Akavua helmeti, akainua uso akatutazama. Verlin anasema hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na anatafuta nani kamwita. Halafu akashuka kwenda kubadilisha nguo.

Jumatatu Jolene aligonga mlango wa Verlin, mikono mitupu. Jolene hajawahi kuja mikono mitupu.

"Keti, Verlin."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema."

"Yule kumi na saba uliyemwambia arudi kwa mama yake. Mama yake alizikwa Jumatano, huko Louisiana. Ijumaa kijana alirudi kwa basi, Jumamosi akacheza. Jezi yake niliifua kwa mikono yangu na sikujua."

"Nani alijua?"

"Kocha alijua. Ofisi ilijua."

"Na sisi?"

"Sisi siku hizi tunajua nini, Verlin? Tunajua namba."

Siku hiyo hiyo Verlin alichemsha maharage, akaoka mkate wa mdalasini, ukaungua upande mmoja, akaoka mwingine. Akaubeba ule mzima mpaka bweni la chuo. Mlinzi akamwambia kijana ameondoka asubuhi. Akamruhusu aangalie. Chumbani kulikuwa na godoro limekunjwa na kamba mbili za viatu sakafuni. Verlin akauliza jina lake, kwa sababu hata jina hakuwa nalo. Mlinzi akamwandikia kwenye kipande cha karatasi: Tavion Meeks.

Kwa muda mrefu Verlin alilaumu turubai. Alimlaumu yule kocha, akailaumu ofisi, akamlaumu mtaalamu wa lishe. Sisi tulimuunga mkono na bado tunamuunga mkono, maana Alhamisi zingekuwepo, kijana yule angekuwa ameketi mezani kwa mtu, na mji mzima ungejua kabla ya Ijumaa. Ungekuta jukwaa zima limesimama kimya kumpokea. Hilo ni la wenye madaraka na tunawaachia.

Lakini kwenye kikao cha kamati, tulipokuwa tunaandika haya, mmoja wetu alitaka tuseme "mashabiki walizomea" na tuishie hapo. Verlin akakataa.

"Andikeni ni mimi."

"Verlin, tulizomea wote."

"Mlizomea wote. Maneno yalikuwa yangu. Turubai halina mdomo."

Alimtumia Kocha Meeks barua tatu, kupitia chuo. Kama chuo kilizituma hatujui. Dokta Whitcomb anaweza kutusaidia hapo, akipata nafasi.

HALI ILIVYO SASA

Kocha Pruitt, ulipotangaza benchi lako la ufundi, jina la tatu lilisomwa redioni saa sita mchana. Kwenye duka la mbegu watu waliacha kutafuna. Jamaa mmoja akasema, "Ni yule?" Mwenye duka akasema, "Ni yule." Basi.

Wiki iliyofuata Kocha Meeks aliingia dukani hapo kununua kamba. Verlin alikuwa kwenye foleni. Alipogeuka akamwona, aliacha mfuko wake wa mbegu kaunta, akatokea mlango wa nyuma, mtu wa miaka sabini na mmoja mwenye goti bovu, akiruka magunia ya chumvi ya ng'ombe. Mwenye duka alimpigia simu.

"Verlin, mbegu zako."

"Panda wewe."

Tunakuambia haya, Kocha Meeks, ili usidhani ulipuuzwa. Ulikimbiwa kwa aibu.

Na tumekuona. Tumekuona asubuhi uwanjani na wale vijana wa mwaka wa kwanza, unawarushia mpira karibu karibu, hatua tatu tu, na kila unapomponyoka mtu humfokei. Unauokota mwenyewe, unampelekea mkononi, unamwambia neno, na kijana anacheka. Tuko upande wa pili wa uzio, turubai halipo, kwa hiyo tunaona. Hilo neno unalowaambia hatulisikii. Lakini wiki iliyopita kwenye mechi ya mazoezi walidaka pasi kumi na moja kati ya kumi na tatu, na mzee wa tarumbeta alilia wazi wazi akasingizia vumbi.

Tuna tumaini, Kocha Pruitt. Hatukupanga kuwa nalo, limetuingia tu. Tiketi za mechi ya tarehe 5 Septemba zimeisha kwa kinyozi anayeziuza, na kinyozi hajawahi kuishiwa kitu chochote isipokuwa subira.

MAOMBI

Tunaomba Alhamisi zirudi. Karatasi ya bima tumeisoma, tumempelekea mwanasheria wa mji, amesema inahitaji sahihi moja tu ya Mkuu wa Chuo. Kalamu iko mezani, Dokta Whitcomb, upande wako wa kulia. Tumeijaribu, inaandika.

Tunaomba mazoezi ya Jumatano yabaki wazi, hata tukisimama mbali.

Tunaomba, Kocha Pruitt, kijana akifiwa, akiugua, akikosa nauli ya kwenda kwao, tuambiwe. Siri zake hatuzihitaji. Tuambiwe tu, "Huyu, wiki hii, mshikeni taratibu." Tutajua la kufanya.

Na mkianza kushinda, maana mtashinda, msiondoke mara moja. Tunajua vyuo vikubwa vitapiga simu. Mkae angalau tuwajue watoto wenu kwa majina.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi hivi. Jukwaa litajaa, jua au theluji. Mpira ukimponyoka mtu tutasimama tumpigie makofi mpaka atoke uwanjani. Tumekubaliana hivyo kwa kunyoosha mikono, na anayeona ni vigumu abaki nyumbani asikilize redio.

KUHITIMISHA

Baada ya risala hii, na kalamu ikishafanya kazi yake, helmeti itapita. Ndani mna majina sitini na nane ya wachezaji, na mawili ya makocha, la Kocha Pruitt na la Kocha Solis. Jina la Kocha Meeks hatukulitia. Hatukuona haki mtu apelekwe kwa bahati nasibu kwenye meza ambayo huenda hataki kuiona. Yeye atachagua nyumba, au atachagua kutokwenda popote, na hakuna atakayemwuliza.

Mungu awape nguvu za miguu na uvumilivu wa masikio. Awarudishe salama kila basi litakapotoka nje ya mji huu. Awalinde mama za vijana hawa wote, walio hai na waliotangulia.

Ni sisi, Mashabiki wa Makorongo wa Dunmire, nyumba ishirini na sita za Alhamisi.

Limebaki jambo moja, Kocha Meeks. Verlin yuko nyuma kabisa, karibu na mlango, amenyoa. Yeye hununua nyama Jumatano asubuhi. Wiki hii ametuuliza mara tatu na sisi tumeshindwa kumjibu: apike ya mtu mmoja, au ya wawili?